Jibu: Mchango wa harusi au mdogo wangu wa kidato cha tano?

Ndugu, umeuliza utoe laki moja kwa kamati ya harusi ya mfanyakazi mwenzako, au umnunulie mdogo wako vifaa vya bweni. Mnunulie mdogo wako. Ada ya kidato cha tano na sita kwa shule za serikali Tanzania ilifutwa 2022, sawa, lakini godoro, ndoo, sare, madaftari na nauli ya basi havikufutwa. Mimi niliwahi kumwonea haya mwenyekiti wa kamati, nikatoa. Dogo akaripoti shuleni wiki mbili baadaye, wenzake wameshafika mbali. Bado inaniuma. Bwana harusi mpe elfu ishirini na umweleze ukweli. Halafu siku yenyewe wahi ukumbini ukapange viti. Wapanga viti huwa hawapatikani, wachangiaji wapo tele.