Kabla ya kuchambua korali, soma maneno yake

Kijana mmoja anayesomea muziki ameniandikia akiomba msaada: ametakiwa kuchambua korali, yaani wimbo wa ibada wa sauti nne, ya mtunzi Mjerumani Johann Sebastian Bach, amejaza namba za kodi (noti zinazosikika pamoja) chini ya kila noti, na bado hana la kusema. Swali lake limenigusa, kwa sababu enzi za uanafunzi wangu mkufunzi mmoja alinirudishia karatasi akidai kwamba korali ni wimbo wa kanisani tu, hauna cha kuchambua. Kauli ile haijanitoka moyoni, na kila ninapoalikwa kuzungumza na walimu wa kwaya huchagua korali kwa makusudi.

Ninayoipenda zaidi ni "Es ist genug", yaani "Yatosha", inayofunga kantata (utungo wa waimbaji na ala wenye sehemu kadhaa) yenye namba BWV 60 katika orodha ya kazi za Bach, iliyoimbwa mara ya kwanza mjini Leipzig tarehe 7 Novemba 1723. Ndani ya kantata hiyo Hofu, ambayo ni alto, inabishana na Tumaini, ambalo ni teno, kuhusu kifo, hadi besi anapoleta maneno ya Ufunuo: "Heri wafu wafao katika Bwana." Hapo ndipo kwaya inapojibu kwamba yatosha, na msomaji wa Biblia atamkumbuka mara moja Eliya akiomba kufa chini ya mretemu.

Sasa tazama soprano. Do ni A, na silabi nne za mwanzo zinakwenda do, re, mi, halafu fi, yaani fa iliyopandishwa nusu hatua, wala si fa. Jaribu kuifundisha kwaya yako uone: waimbaji watavutwa na mazoea kwenye fa, nawe utalazimika kuwasimamisha. Hatua nzima tatu zimefuatana bila nusu hatua ya kupumzikia, na sikio linabaki limening'inia kama mguu uliokwisha kuvuka kizingiti. Anayeimba anaomba kuondoka duniani, na sauti yake imeshatoka nje ya ngazi iliyozoeleka.

Tuni hiyo hakuitunga Bach. Ni ya Johann Rudolf Ahle, ya mwaka 1662. Kazi ya Bach imo katika sauti tatu za chini, na inaonekana wazi zaidi kwenye neno "Jammer", yaani taabu, ambapo sauti zinateleza kwa nusu hatua. Mtunzi Alban Berg aliingiza korali hii katika konchato yake ya fidla, yaani utungo wa fidla na okestra, mwaka 1935, jambo ambalo ningefurahi mkufunzi yule alisikie.

Basi, ndugu zangu mnaotamani kuwa wachambuzi, someni maneno kwanza. Acheni tamaa ya kuonekana wasomi kwa wingi wa namba, kwa kuwa namba isiyojibu swali ni pambo. Someni maneno tena, kisha imbeni kila sauti peke yake, mkianza na besi. Katika korali hii mimi ningeandika namba za kodi mahali pawili: chini ya fi, na chini ya "Jammer".