Maswali yenu baada ya Stars kuilaza Moroko

Harambee Stars 1, Moroko 0. Kasarani, Jumapili tarehe 10 Agosti 2025, mechi yetu ya tatu ya CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani. Ryan Ogam alifunga dakika ya 42, Chrispine Erambo akalishwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko, na kipindi chote cha pili tukakicheza tukiwa watu kumi. Tangu jioni ile maswali yenu hayajakatika. Nimechagua yanayowahusu wachezaji wenyewe, na machache ya pembeni, na nayajibu kabla hatujacheza na Zambia tarehe 17 Agosti.

Kwako mchezaji bora wa mechi ni nani? Na usinitajie Ogam, huyo ametajwa na kila mtu. (Msomaji, Umoja)

Kipa, Bryne Omondi, na hapo sibabaiki.

Ukiwa watu kumi mbele ya Moroko, bao moja unaliona dogo mno. Mpira wanao wao, wewe kazi yako ni kutazama saa. Katika hali hiyo kipa mwenye woga huiponza timu nzima. Anapangua mpira wa kudaka, anaganda mstarini krosi ikija, mwisho mabeki wanaacha kukaba mtu na kuanza kumchunga yeye. Bryne hakututia katika wasiwasi huo hata kidogo.

Pale Kasarani njia ya wakimbiaji inazunguka uwanja na kutuweka mbali, kwa hivyo sauti ya kipa huisikii. Mikono yake, lakini, unaiona. Kipindi cha pili nilimtazama yeye kuliko nilivyoutazama mpira. Kona ikitaka kupigwa, mkono mmoja unaita, mwingine unamsogeza mtu kwa mbali: wewe huko, wewe rudi. Akidaka, hana haraka ya kuinuka. Anaulalia mpira, anavuta pumzi, anasimama taratibu, na sisi jukwaani tunapata nafasi ya kumeza mate. Aliyekuwa ameketi kando yangu, mzee wa makamo mwenye kofia ya Stars, kila Bryne akidaka alikuwa akisema tu, "Lala hapo, kijana. Lala."

Mechi tatu, na wavu wetu umetikiswa mara moja tu, na Angola. DR Kongo walitoka mikono mitupu, Moroko vilevile. Nampa tisa kwa kumi.

Ogam ana kitu gani ambacho washambuliaji wengine wa ligi yetu hawana? Au ni bahati tu? (Msomaji, Githurai 45)

Bahati haimfuati mtu aliyesimama mahali pasipofaa. Ogam anawahi. Ana miaka 20, anachezea Tusker, na ukimtazama yeye peke yake kwa dakika kumi utaona kwamba hangoji mpira utoke mguuni mwa mwenzake ndipo aanze kukimbia.

Kuna jambo jingine lililonifurahisha kuliko bao lenyewe. Kabla ya Jumapili, mabao yetu yote mawili ya CHAN yalikuwa ya Austin Odhiambo: lile la DR Kongo, na penalti dhidi ya Angola. Timu inayofungiwa na mtu mmoja haichukui muda kusomwa na wapinzani. Wanambandika beki, wanaenda zao. Sasa wana wawili wa kuchunga. Hata Austin mwenyewe ataanza kupumua, na nadhani tutamwona bora zaidi kuanzia sasa.

Ninachomtakia Ogam ni akili ya kushika mpira akiwa amelipa lango mgongo. Tukiwa pungufu, kila sekunde anayomzuilia beki kule mbele ni pumzi kwa wenzake huku nyuma. Hilo atalipata. Nane kwa kumi, na sioni kama atafunga mwaka akiwa bado Ruaraka, nyumbani kwa Tusker. Mawakala wana macho.

Huyo Erambo alitaka kutuzika. Kwa nini kocha asimfute kikosini kabisa? (Mzee, Kariobangi South)

Mzee wangu, hasira yako naielewa, na siitetei kadi ile. Mechi mbili mfululizo tumebaki kumi, na mara zote mbili ni katika kipindi cha kwanza: Marvin Nabwire na Angola, kisha Erambo na Moroko. Nabwire alikosa mechi ya Jumapili, Erambo atakosa ya Zambia. Kikosi hakiwezi kuendelea kumega mtu mmoja kila wiki.

Ila tuangalie chanzo chake. Ligi yetu haina VAR, yaani refa wa kutazama marudio ya video. Kijana amekua akiteleza na mguu wake wa kukaba, refa akiwa mita thelathini kutoka pale, na mara nyingi anaonywa kwa mdomo au anapewa njano. Akifika CHAN, mguu uleule unarudiwa kwenye skrini polepole, pande zote, na ukitazamwa hivyo karibu kila mguu unatisha. Hawa vijana si wakatili. Wana mazoea ya nyumbani, na mazoea hayo hayaishi kwa siku saba.

Kwa hivyo dawa ni ya mazoezini: kukaba ukiwa umesimama wima, kumsindikiza mtu pembeni badala ya kumrukia. Kocha wetu, Benni McCarthy, amekaa katika soka la Ulaya miaka mingi, alikuwa katika Porto iliyotwaa Ligi ya Mabingwa 2004, na anajua refa wa skrini anaona nini. Hilo ni jukumu lake wiki hii, tena la kwanza. Erambo nampa nne, kisha namngoja arudi. Kumfuta ni kumpoteza mchezaji kwa kosa linaloweza kurekebishwa.

Shemeji yangu anadai Moroko walituletea timu ya pili, kwa hivyo tusijigambe. Nimjibu vipi? (Msomaji, Eastleigh)

Mwambie CHAN ni ya wachezaji wa ligi za nyumbani, kwa kila nchi, sisi pia. Kama yao ni timu ya pili, yetu pia ni ya pili.

Kisha mweleze ligi ya nyumbani kwao ni ipi. Ni ligi ya Wydad, ya Raja, na ya RS Berkane, hao hao waliowanyima Simba wa Tanzania Kombe la Shirikisho mwezi Mei mwaka huu. Kocha wao, Tarik Sektioui, ndiye aliyewapa vijana wa Moroko medali ya shaba katika Olimpiki ya Paris. Na kombe hili la CHAN, kabla ya mashindano haya, walikuwa wamelitwaa mara mbili, 2018 na 2020.

Hapo kwenye 2018 msimamishe kidogo, maana pana kidonda. Mashindano yale yalikuwa yetu. Tulipewa uenyeji, viwanja havikuwa tayari, CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikatupokonya mwaka 2017 na kuyapeleka Moroko. Wakacheza kwao, wakabeba kombe. Sisi hatukuwahi hata kushiriki CHAN hadi mwaka huu. Kuwafunga hao hao, hapa Kasarani, tena tukiwa pungufu, nitajigamba nalo mbele ya shemeji yeyote.

Michael Olunga yuko wapi? Mbona hatumwoni? (Msomaji, Rongai)

Anacheza Qatar, kwa hivyo haruhusiwi kushiriki CHAN. Utamwona katika mechi za kufuzu Kombe la Dunia.

Nahodha Abud Omar miaka imesonga. Hatungempumzisha tukampa kijana nafasi? (Msomaji, Kayole)

Sikubaliani nawe, ndugu yangu. Timu hii ina vijana wa kutosha. Kilicho adimu ni mtu aliyeonja ugenini. Abud amecheza Bulgaria, Ubelgiji na Ugiriki kabla ya kurudi nyumbani, na msimu uliopita alikuwa na Kenya Police walipotwaa ligi kwa mara ya kwanza. Mara mbili tumepewa kadi nyekundu mapema, na mara zote mbili timu haikuvunjika. Tumewahi kuwa na Stars zilizokuwa zikigombana zenyewe baada ya bao moja tu, wewe mwenyewe unakumbuka. Utulivu huu una mwenyewe, na kitambaa kiko mkononi mwake.

Rais ameahidi kila mchezaji milioni moja kwa ushindi na laki tano kwa sare. Pesa hizo hazitawaharibu watoto wa watu? (Mama, Dagoretti)

Mama, nashukuru kwa swali lako kwa sababu umeliuliza kama mzazi. Kwa hesabu ya ahadi hiyo, ushindi mara mbili na sare moja, kila mmoja wao sasa anadai milioni mbili na nusu. Mimi nasema wapewe, na wapewe zote, tena upesi.

Anayeona ni nyingi hajui hawa vijana wanaishije miezi mingine. Katika ligi yetu mchezaji anaweza kumaliza miezi mitatu, minne, bila mshahara, akaambiwa avumilie mfadhili anakuja. Anatoka mazoezini kwa miguu. Akiumia goti, matibabu anachangiwa na wachezaji wenzake na mashabiki. Na bado Jumamosi tunamtaka akimbie dakika tisini, tunamzomea akikosea pasi. Wengi wa hawa waliotulia mbele ya Moroko wamepitia hayo, na ndiyo maana siwezi kuwatoa alama kirahisi. Wamejifunza kuteseka uwanjani kwa kuwa wamezoea kuteseka nje yake.

Kitakachowaharibu si milioni hizo, ni kurudi kwenye ukimya Septemba. Ushauri wangu kwao, kama wananisikia, ni kununua shamba au kumalizia nyumba ya mzazi kabla ya gari. Na wetu sisi ni kuwafuata kwenye ligi. Tikiti kwa kawaida ni kama shilingi mia mbili. Police wana uwanja wao South C, Ulinzi wako Lang'ata, Dandora nako kuna mechi. Nimeketi kwenye mechi za ligi ambapo ungeweza kuwasalimu mashabiki wote kwa mkono kabla ya mapumziko, na ndani ya uwanja ni hawa hawa tunaowaimbia leo.

Mabeki wa kati hujawasema. Au hawakucheza? (Msomaji, Huruma)

Walicheza, tena wakacheza vizuri hata hatukuwa na la kuwazungumzia. Nane kila mmoja. Krosi nyingi za Moroko zilikutana na kichwa cha Mkenya kwanza.

Nifanyie hesabu: Zambia tunahitaji nini nao? (Msomaji, Kasarani)

Tuna alama 7. Angola wana 4 na wamebakisha mechi moja tu, dhidi ya DR Kongo, Alhamisi tarehe 14. Moroko na DR Kongo wana 3 kila mmoja na mechi mbili mkononi. Zambia hawana kitu.

Angola hawawezi kupita 7. Moroko au DR Kongo anaweza kufika 9, lakini si wote wawili, kwa kuwa wanakutana Jumapili tarehe 17, siku tunayocheza na Zambia. Kwa hivyo sare inatupa 8 na tumeingia robo fainali, wafanye wafanyavyo. Tukipoteza tunabaki na 7, na hatari iliyopo ni Angola kuwa wameshinda Alhamisi. Tulitoka nao sare ya 1-1, kwa hivyo itabidi tulinganishe mabao, na mambo ya kulinganisha mabao siyataki.

Tukishinda tunafika 10, hakuna wa kutugusa, tunaongoza kundi. Na hilo lina uzito wake. Kiongozi wa kundi letu anacheza robo fainali hapa hapa Kasarani tarehe 22, wa pili anapanda ndege kwenda Dar es Salaam kukutana na kiongozi wa kundi la Tanzania mbele ya watu wake. Zambia wanakuja bila alama na bila cha kupoteza, na timu ya namna hiyo hucheza ikiwa huru. McCarthy asipunguze kikosi, asipumzishe mtu. Ogam aanze, Austin nyuma yake, na wote kumi na mmoja wamalize mechi wakiwa uwanjani.