Mwanangu, usimhukumu kwanza huyo babu wa Gwennap

Mwanangu, marahaba, na hao wajukuu wangu nao marahaba.

Meseji yako nimeisoma. Unasema umemtafuta baba wa babu yake marehemu baba yako, yule mchimbaji wa shaba wa Gwennap kule Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, sensa ya 1861 yupo ana miaka 28 na mke wake ana 24, afu ukifungua ya 1871 hayupo kabisa, mke ndo ameandikwa mkuu wa kaya, watoto watatu, wa miaka 9, 7 na 4, na unaniuliza, mama, huyu mwanaume alikufa au alimkimbia mkewe? Na nimeona umeshaanza kumkasirikia. Subiri basi.

Kwanza rudi uangalie hiyo kolamu ya hali ya ndoa. Karani wa sensa ameandika kwamba mama huyo ameolewa, hajaandika mjane, kwaiyo kwa maneno ya mwenyewe mumewe alikuwa hai. Pili, sensa yao ilikuwa inahesabu watu waliolala humo ndani usiku mmoja tu, na ya 1871 ilikuwa usiku wa Jumapili tarehe 2 Aprili, hivyo asiyelala pale haandikwi pale, hata kama nyumba ni yake na kodi analipa yeye. Tatu, huyo mtoto wa mwisho ana miaka 4, maana yake kazaliwa kati ya Aprili 1866 na Aprili 1867, toa miezi tisa, jamaa mpaka karibu 1866 alikuwa bado nyumbani. Sasa shika huo mwaka 1866.

Huo mwaka bei ya shaba ilianguka vibaya sana. Shaba ya Chile na ya kule Marekani kwenye Ziwa Superior ilikuwa inaingia sokoni kwa bei ndogo, na mwezi wa tano benki kubwa ya London, Overend Gurney, ikafunga milango, mitaji ikakauka. Gwennap hapo zamani palikuwa panasifiwa kwa utajiri wa shaba kuliko sehemu nyingine yoyote duniani, lakini migodi ilishakuwa na kina kirefu, kuvuta maji ni gharama, bei ikishuka hivyo mwenye mgodi anasimamisha mashine na maji yanapanda, kwisha habari. Na wachimbaji wengi hawakuwa na mshahara wa kudumu, walikuwa wanapatana na mgodi wapewe fungu katika thamani ya mawe watakayotoa, ukikuta mwamba mzuri unacheka, ukikuta mbaya mwezi unaisha una deni la mishumaa na baruti ulizokopa hapohapo mgodini. Mtu wa namna hiyo mgodi ukifungwa atafanya nini? Anaondoka. Walienda Moonta kule Australia ya Kusini, shaba iligunduliwa 1861 na baadaye mji ukajaa watu wa Cornwall mpaka eneo zima wakaliita Cornwall Ndogo, walienda Michigan, walienda Grass Valley kule California kwenye dhahabu, na Mexico, Real del Monte, walishakuwepo tangu miaka ya 1820 na mpaka leo watu wa huko wanakula zile sambusa kubwa za nyama na viazi za Cornwall.

Wake walibaki. Walibaki na watoto, wakisubiri hela. Ukisoma sensa za vijiji vile za 1871 utaona akinamama wakuu wa kaya kibao ambao si wajane, na karani mwingine ameandika kabisa pembeni kwamba mume yuko Amerika. Kwaiyo bibi yenu hakuwa kituko mtaani kwake, majirani walikuwa hali moja.

Mimi hili la kukimbia siliamini haraka kwa sababu najua maisha hayo kwa upande wangu. Babu yako wa Tukuyu, baba yangu mimi, alienda Wenela, ile kampuni iliyokuwa inachukua watu kwenda migodi ya Afrika Kusini, kama vijana wengi wa Rungwe enzi hizo, akachimba dhahabu Johannesburg, na mama yangu alikuwa nyumbani na sisi, na mtu angepita na daftari usiku ule angeandika mama mmoja na watoto, baba hayupo, basi. Na tungeitwa waliotelekezwa. Wakati mablanketi na baiskeli vilikuja! Ila sikatai, wapo walioenda wakaoa huko huko wasirudi, Cornwall wapo na Rungwe wapo. Ndo maana nakwambia tafuta, usikisie.

Sasa fungua sensa ya 1881, ya tarehe 3 Aprili. Naona hukufika huko, ulikasirika ukafunga kompyuta. Utamkuta jamaa yupo, amerudi, mkuu wa kaya ni yeye, na kuna mtoto mpya wa miaka 4 ambaye kazaliwa Gwennap. Kati ya yule wa 4 wa mwaka 1871 na huyu wa 4 wa mwaka 1881 kuna miaka kumi na hamna mtoto hata mmoja katikati. Hilo pengo ndo safari yake. Na huyo mtoto wa miaka 4, mama, ndo babu yake baba yako mwenyewe, asingerudi wewe usingekuwepo wa kumkasirikia.

Lakini hapo usitosheke. Familia nyingine binti mkubwa akizaa kabla ya kuolewa, bibi anamwandika mtoto kama wake, ilikuwa kawaida kabisa, na huyo binti wa kwanza 1877 alikuwa kashafika miaka 15. Namna ya kuhakiki ni indeksi ya vizazi ya serikali ya Uingereza, ofisi yao ya usajili mkuu imeiweka mtandaoni, unajisajili na kutafuta ni bure. Indeksi hiyo inaonyesha jina la ukoo la kwao mama tangu usajili ulipoanza tarehe 1 Julai 1837. Tafuta mtoto huyo wilaya ya usajili ya Redruth, maana Gwennap iko ndani ya Redruth, usitafute Gwennap hutaiona. Kolamu ya mama ikionyesha jina la kwao bibi, safi. Ikiwa tupu, mara nyingi hiyo ni dalili kwamba mama hakuwa ameolewa, hapo tutakaa tuongee upya. Ukishaona, agiza nakala yenyewe, uone baba ameandikwa nani na kazi gani.

Na hapa nikwambie kitu ambacho baba yako mwenyewe nilimwambia akacheka, lakini ndo kilichotutoa: familia za wachimbaji zifuate kwa wanawake. Wanaume wale kila mmoja ni John au William au Thomas, na majina ya ukoo ya Cornwall mengi nayo ni Thomas, Richards, Williams, Harris, unakuta kijiji kimoja kina akina John Thomas kila kona, wote wachimbaji, umri wanakaribiana, na wote wanasafiri. Utamshika nani? Mwanamke yupo palepale. Kijiji chake, kanisa lake, mama yake nyumba ya pili. Ukijua jina la kwao bibi unaweza kupanga watoto wake wote kwa ile indeksi, kwa sababu Thomas na Harris wako wengi ila Thomas aliyeoa kwa akina fulani wanakuwa wawili watatu tu wilaya nzima. Na wenyewe walikuwa na tabia nzuri ya kumpa mtoto jina la ukoo la mama kama jina la kati, angalia hilo.

Shida ni kwamba makaratasi yao hayakumjali sana mwanamke. Cheti cha ndoa tangu 1837 kinaandika baba wa bwana harusi na kazi yake, baba wa bibi harusi na kazi yake, akina mama hamna. Unajua waliingizwa lini kwenye usajili wa ndoa wa Uingereza? Mei 2021. Sisi tulipofunga ndoa kule, mama yangu aliyenilea peke yake miaka yote ile ya Wenela hakuandikwa popote, aliandikwa baba! Basi tuendelee. Ukitaka kumpata mama wa bibi itabidi upitie ubatizo.

Ubatizo sasa. Vitabu vya parokia za kanisa la Anglikana viliamriwa tangu 1538, ila kuanzia Januari 1813 vinatumia fomu zilizochapishwa, kila mtoto ana mstari wake na majina ya wazazi wote wawili (ya kwanza tu kwa mama, jina la kwao hamna), mahali wanapokaa na kazi ya baba, ndo unamtofautisha John mchimbaji na John fundi viatu. Lakini Gwennap ni nchi ya Wamethodisti. John Wesley mwenyewe, mwanzilishi wao, alihubiri mara 18 kwenye lile shimo la Gwennap kati ya 1762 na 1789, shimo la ardhi iliyotitia, na baba yako alinipeleka tukakaa kwenye ngazi zake za majani. Kwaiyo usipomwona mtoto kwenye kitabu cha parokia usiseme hakubatizwa, huenda alibatizwa kwenye kanisa dogo la Wamethodisti na jina likaandikwa kwenye daftari la mzunguko mzima, yaani kundi la makanisa yao ya eneo hilo, labda Redruth, siyo kijijini. Ndoa ni tofauti, kabla ya Julai 1837 hata Mmethodisti alilazimika kuoa kwa Waanglikana, sheria ilikuwa hiyo tangu 1754, waliosamehewa ni Wakweka (wale Wakristo wanaoitwa Quakers) na Wayahudi tu. Hivyo ndoa za wazee wao tafuta parokia, watoto tafuta kote kuwili. Vitabu vyenyewe viko Kresen Kernow, hifadhi ya nyaraka za Cornwall pale Redruth, jengo la kiwanda cha pombe cha zamani, lilifunguliwa 2019, na watu wa kujitolea wamenakili vingi sana wakaviweka bure mtandaoni, anza na hao na FamilySearch, tovuti ya bure ya kutafuta ukoo, kabla hujatoa kadi yako ya benki.

Na angalia parokia zenyewe zilikatwakatwa. Watu walivyojaa migodini makanisa mapya yakajengwa, St Day ilitolewa ndani ya Gwennap miaka ya 1830, Lanner miaka ya 1840, unakuta kaka mmoja kabatizwa Gwennap na mdogo wake St Day na hawakuhama hata hatua moja.

Sensa ya 1841 nayo itakuchanganya. Ndo ya kwanza yenye majina ya watu wote, lakini watu wazima zaidi ya miaka 15 walishushwa umri hadi tano ya karibu, wa 34 anaandikwa 30, na haisemi nani ni mtoto wa nani. Usimwite mtu mke kwa sababu kalala chini ya jina la mwanaume, anaweza kuwa dada. Tumia ya 1851, ile ina uhusiano, umri kamili na parokia aliyozaliwa. Humo bibi utamkuta ana miaka 14, tayari anafanya kazi mgodini, juu siyo chini, anapasua mawe ya shaba kwa nyundo, wasichana wa huko walifanya hivyo kwa maelfu, na wengi wakiolewa wanaacha.

Alikoenda babu kati ya 1866 na 1876 bado hatujui wote. Orodha za abiria waliotoka Uingereza zilizohifadhiwa zinaanza 1890 kwa sehemu kubwa, kwaiyo hamna ya kuondokea, tafuta ya kufikia. Kama alienda Michigan, sensa ya Marekani ya 1870 itamwonyesha, jaribu wilaya za Houghton na Keweenaw, kazaliwa Uingereza, hawataandika Cornwall mara zote. Kama ni Moonta, sensa za huko zenye majina hazikutunzwa, nenda kwenye Trove, tovuti ya magazeti ya zamani ya Australia, bure, andika jina pamoja na Moonta, ajali za migodini na mikutano ya kanisa zinataja watu wadogo kabisa.

Afu ukimaliza huyo, mfuate mwanawe mpaka 1911. Baba yako alikuwa akisimulia kwamba babu yake naye alikuwa Johannesburg. Sensa ya 1911 ni nzuri kuliko zote kwa sababu ni fomu yenyewe iliyojazwa nyumbani, siyo nakala ya karani, na mume asipokuwepo mke ndo anajaza na kusaini, na inauliza wamezaliwa watoto wangapi katika ndoa hiyo na wangapi wamekufa. Babu yako, baba mkwe wangu, atakuwa humo mtoto mchanga. Nataka sana kuona mwandiko wa huyo mama.

Ukipata picha za kurasa hizo nitumie kwa watsapu, ila ukurasa mzima tafadhali na wa nyuma yake na wa mbele yake, usinikatie mstari mmoja, hao majirani nawataka, najua nyumba moja wapo hapo ni ya mama yake bibi. Na kile cheti cha kuzaliwa agiza kwenye ofisi ya serikali moja kwa moja, kuna saiti zinauza hichohicho kwa bei mara mbili.

Mama yako