Jibu: Nyota kali mno kwenye yakuti samawi ya karati 6

Salamu ndugu. Umeuliza kama nyota kali sana, yaani ule mng'ao wa miali unaoonekana juu ya jiwe, kwenye yakuti samawi uliyoonyeshwa hapo Kampala ni dalili njema. Mimi ingenitia shaka. Omba wazime taa za duka, washa tochi moja ya simu juu ya jiwe, uisogeze polepole. Nyota ya asili kwa kawaida ina miali 6, huteleza ikifuata mwanga, na ncha zake hufifia kidogo. Ya kiwandani huonekana kama imechorwa juu. Kisha shika lenzi ya mara 10: tafuta ndani ya jiwe sindano nyembamba za rutili (aina ya madini) zinazokatana kwa pembe ya nyuzi 60. Ukiona viputo vya duara, ni dalili ya jiwe la kiwandani, rudisha! Geuza jiwe pia. Tumbo likiwa nene mno chini, unalipia uzito usioongeza uzuri wowote. Arubuni usitoe kabla ya cheti cha maabara.