Mistari miwili ya kuangalia kabla hujampandisha fundi juu ya bati

Dishi likigoma, wengi tunakimbilia simu ya fundi. Anakuja, anapanda juu ya bati, anatikisa kitu, picha inarudi, unamlipa. Wiki ijayo mvua ikinyesha, mchezo ni uleule. Mimi siku hizi naanza na rimoti. King'amuzi cha dishi kina ukurasa kwenye mipangilio unaoonyesha mistari miwili, mmoja wa nguvu ya mawimbi na mwingine wa ubora wake. Ukijua kuisoma, unajua tatizo liko wapi kabla hujaazima ngazi.

Ila kabla ya mistari, soma kilichoandikwa kwenye kioo. Kwa watumiaji wa DStv, E16 ni habari ya kifurushi, E48-32 ni habari ya mawimbi. Nimewahi kumwona jamaa amegeuza dishi lote kwa sababu ya E16. Alipokuja kulipia akawa na tatizo jipya, maana sasa dishi lilikuwa linatazama pengine kabisa.

Mstari wa nguvu usiuamini sana. LNB, kile kichwa kinachotazamana na dishi, kikipata umeme tu kinatoa kelele zake chenyewe, na king'amuzi kinazihesabu kama nguvu. Ndiyo maana unaweza kuelekeza dishi kwenye mnazi wa jirani na bado mstari ukajaa zaidi ya nusu. Ubora ndio unaosema kweli. Kwa hiyo, nguvu ikiwepo na ubora ukawa sifuri, LNB iko hai lakini dishi limehama au kuna kitu kimeziba njia. Yote miwili ikiwa sifuri, anza na waya.

Na kwa sisi wa Dar, Tanga na Unguja, waya ndio mgonjwa wa kila siku. Chumvi ya bahari haina huruma. Chomoa king'amuzi kwenye umeme kwanza, halafu fungua kile kiunganishi cha kuzungusha kwenye LNB. Uzi wa shaba wa katikati ukiwa unang'aa, rudishia. Ukikuta umeota ukijani, au ndani kuna unga mweupe, maji yameshaingia. Kusugua hakusaidii. Kata waya nyuma kidogo, uutazame tena, na kama zile nyuzi nyembamba za nje bado ni nyeusi, endelea kukata mpaka ufike penye usafi. Unapofunga kiunganishi kipya hakikisha hakuna hata unyuzi mmoja wa nje unaogusa shaba ya katikati, maana hiyo ni shoti na LNB haitapata umeme. Zungushia tepu ya mpira inayojishika yenyewe, si ile nyeusi ya fundi umeme inayobanduka baada ya jua la miezi michache. Waya nao upe kitanzi kinachoning'inia chini ya kiunganishi, maji yadondokee hapo.

Kuna ugonjwa mmoja unaochanganya watu: chaneli kadhaa zinaonekana vizuri, nyingine hazipo kabisa. King'amuzi huipelekea LNB volti 13 kwa kundi moja la mawimbi na volti 18 kwa kundi jingine. Waya mbovu, au kigawanyio cha bei rahisi kilichowekwa ili chumbani nako paonekane, hula umeme njiani na kundi moja linapotea. Toa kigawanyio, unganisha moja kwa moja, uone.

Mvua ni jambo jingine. Mawimbi ya dishi yako kwenye gigahazi 11 au 12 hivi, na matone makubwa huyameza. King'amuzi cha antena ya kawaida hakina shida hiyo. Lakini sikiliza: wingu linalokukata si lazima liwe juu ya kichwa chako. Ukiwa Dar na unatazama satelaiti iliyo nyuzi (digrii) 7 mashariki, wanakorushia Azam, dishi linatazama magharibi, likielemea kaskazini kidogo, na mawimbi yanashuka kwa mwinuko wa nyuzi kama 52. Uko Ubungo kukavu, mvua kubwa iko upande wa Kimara, na mpira unakatika. Satelaiti ya nyuzi 36, ya DStv, kwa Dar iko karibu utosini, nyuzi kama 81, kwa hiyo hiyo hutegemea zaidi mvua iliyo juu yako. Mvua kubwa ya masika ikikata kwa dakika kadhaa, subiri tu. Ikikatika kwa manyunyu, dishi lako halikulengwa sawasawa tangu mwanzo na lilikuwa linaishi kwa kubahatisha.

Na kama kila mwaka, siku chache kuzunguka tarehe 23 Machi na tarehe 20 Septemba, picha inapotea kwa dakika chache mishale ya saa tisa alasiri huku jua linawaka, usiguse kitu. Jua limepita nyuma ya hiyo satelaiti ya nyuzi 7 na kelele zake zimezidi. Litasogea.

Kulenga upya kunawezekana bila kifaa cha fundi, ila bati liwe kavu na nyaya za umeme ziwe mbali. Ukikosea nyuzi moja tu, huko juu umelenga zaidi ya kilomita 600 pembeni, basi sogeza kidogo mno, kisha subiri sekunde kadhaa, kwa sababu king'amuzi huchelewa kushika. Hapo ndipo wengi wanapopita satelaiti bila kujua. Aliyeko sebuleni asikwambie "imekuja" au "imeondoka". Akusomee namba ya ubora.

"Shemeji, ngapi hapo?"

"Thelathini! Thelathini na tano... hamna, imeshuka!"

Rudisha kidogo ulikotoka. Ukifika kileleni, izungushe na LNB yenyewe taratibu kwenye kishikio chake, watu husahau kwamba nayo ina pembe yake. Kaza nati kwa zamu huku namba zinasomwa, maana kukaza kunasogeza dishi.

Ubora ukigoma kupanda, tazama mwembe. Mti uliokuwa mfupi dishi lilipofungwa leo umefika usawa wake, na majani mabichi yaliyolowa huzuia mawimbi vizuri sana. Ghorofa la jirani ndilo baya zaidi, hilo dawa yake ni kuhama ukuta.

Kuhusu kununua: LNB iliyoandikwa 0.1 dB kwa stika, yaani kipimo cha kelele zake, sijaona tofauti yake na nyingine yoyote nzima. Hela hiyo bora iende kwenye dishi. La sentimita 90 lina eneo zaidi ya mara mbili ya la sentimita 60, na hiyo tofauti utaiona mvua ikianza. Lifunge kwenye bomba lililosimama wima na kujengewa, si kwenye ubao wa kenchi unaocheza upepo wa kusi ukivuma. Na ukimwita fundi, kaa naye mpaka amalize, andika namba ya ubora aliyoiacha, kisha chora kwa rangi mstari unaopita kwenye bomba na kishikio cha dishi. Siku dishi likisogea, utaona mistari haikutani.