Maswali ya Wasomaji: Mbona Mgonjwa Wetu Ananyooshwa Miguu kwa Dakika Chache Tu?

SWALI: Daktari, mdogo wangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 31, aliharisha siku tatu, na wiki mbili baadaye miguu ikafa ganzi, ikalegea, kisha mikono ikafuata. Hii ni wiki ya tatu amelazwa, na tumeambiwa ana ugonjwa wa Guillain-Barré. Mtaalamu wa fiziotherapia huja mara mbili kwa siku, humkunja na kumnyoosha miguu kwa dakika 15 hivi, akaenda zake. Tukijaribu kumsimamisha wenyewe tunagombezwa, na mama akitaka kumkanda kwa maji ya moto anakatazwa. Je, mazoezi haya haba yatamwinua?
Dada wa mgonjwa, Morogoro

JIBU: Poleni sana, wewe na mama. Ugonjwa huu, ambao Guillain, Barré na mwenzao Strohl waliueleza nchini Ufaransa mwaka 1916, humpata mtu 1 au 2 katika kila watu 100,000 kwa mwaka. Kinga ya mwili, ikiisha kupambana na vijidudu vya kuhara au vya mafua, hugeuka na kushambulia mishipa ya fahamu. Misuli ya mdogo wako siyo iliyoanza kuugua. Imekosa wa kuituma.

Kwa sababu hiyo, hakuna zoezi litakaloharakisha kupona kwa mishipa hiyo. Kazi ya kuzuia mashambulizi ni ya dawa ya kingamwili inayotiwa kwa dripu, au ya kubadilishiwa utegili wa damu, yaani majimaji ya damu yanayobeba chembe zake. Fiziotherapia inamlinda mgonjwa ili amri ya ubongo itakapofika tena, ikute viungo vinavyokunjika, mapafu safi na ngozi isiyo na vidonda.

Utazame unyayo wake akiwa amelala chali. Vidole vimeelekea chini, na uzito wa blanketi unavizidisha kushuka; ukiachwa hivyo kwa wiki kadhaa, kano nene ya nyuma ya kisigino, inayounganisha msuli na mfupa, hufupika, na siku misuli inapopata nguvu mgonjwa hawezi kukanyaga kwa unyayo mzima. Zile dakika 15 mnazoziona haba, pamoja na kifaa cha kushikilia kifundo na kugeuzwa ubavu kila baada ya saa 2 hivi, ndizo zinazozuia hasara hiyo.

Kumsimamisha kwa nguvu ni hatari kwa namna mbili. Ugonjwa huu huvuruga pia mishipa ya fahamu inayotawala shinikizo la damu, hivyo mgonjwa aliyeinuliwa ghafla anaweza kuzimia mikononi mwenu. Ndiyo maana huanzishiwa kitanda kinachoinuliwa kidogo kidogo. Zaidi ya hayo, msuli unaoanza kuamka huchoka upesi, na akifanyishwa mazoezi hadi akaishiwa nguvu, kesho yake anaweza kuwa dhaifu kuliko jana. Nakiri kwamba ni vigumu kwa ndugu kukubali kwamba kupumzika nako ni sehemu ya tiba. Kuhusu maji ya moto, mguu uliokufa ganzi huungua bila mwenyewe kujua.

Wagonjwa wengi hufikia udhaifu wa juu kabisa ndani ya wiki 4, na takriban 8 kati ya 10 huweza kutembea bila kushikiliwa baada ya miezi 6. Ikiwa nyuzi zenyewe za mishipa zimeharibika, safari ni ndefu, kwa kuwa huota upya kwa takriban milimita 1 kwa siku. Kwa sasa, akianza kupaliwa, sauti ikififia au akishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, mwiteni muuguzi papo hapo, kwani kiasi cha mgonjwa 1 kati ya 4 huhitaji mashine ya kupumulia.

Mama naye asinyimwe kazi. Mwombeni mtaalamu amfundishe kukunja kifundo polepole bila kuvuta, kuweka mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro, na kuvikagua visigino hivyo kila asubuhi kama vimebadilika rangi.