Crown ijayo itatufikaje? Majibu kwa wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini

Maswali niliyoletewa safari hii karibu yote ni ya Toyota Crown. Sishangai. Kuanzia Ipogolo hadi Tunduma, mtu akitaka gari la chini lenye utulivu, linaloweza kumbeba mzazi mgonjwa hadi Dar es Salaam bila kumchosha, jina hilo ndilo hutajwa mwanzo. Nimeyajibu kwa kadiri ya uzito wake, kwa hiyo mengine yamepata nafasi ndefu na mengine mistari michache.

Kaka, nasikia Crown mpya kabisa iko njiani. Nisubiri hiyo, au nichukue Crown Athlete ambayo pesa yangu inaitosha sasa? (Msomaji, Uyole)

Usisubiri, ndugu yangu. Hesabu ya miaka inakukatalia.

Crown ilianza kuuzwa Japani mwaka 1955, na iliyopo sasa ni kizazi cha 16. Ukitazama vizazi vya karibuni utaona mwendo wake: 2003, 2008, 2012, 2018, kisha Julai 2022. Kati ya kizazi na kizazi hupita miaka minne hadi sita. Kwa mwendo huo, mimi nabashiri kizazi cha 17 kati ya 2026 na 2028. Huo ni ubashiri wangu, uuchukue hivyo.

Ila kuzinduliwa Tokyo ni jambo moja, kuegeshwa Mwanjelwa ni jambo jingine. Japani gari jipya hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo ni ghali, kwa hiyo wenye magari wengi huyaachia unapokaribia, na hapo ndipo minada hujaa. Gari la 2022 hutoka kwa wingi 2025, 2027 na 2029, na bei hushuka kila zamu. Sasa chukua gari litakalozinduliwa 2028 ulipigie hesabu hiyohiyo: mtu wa kipato cha kawaida Mbeya ataligusa katikati ya miaka ya 2030.

Ndiyo maana nasema Crown yetu ijayo imeshaundwa. Inaendeshwa Osaka na Nagoya hivi sasa. Ni ile ya 2018, tunayoiita 220, na nyuma yake Crown Crossover ya 2022. Ukitaka kujua utaendesha nini miaka mitano ijayo, chunguza hizo mbili na uziache picha za kubuni zinazozunguka kwenye simu.

Jambo moja la kukukinga: jina la Athlete lilikoma 2018, pamoja na Royal na Majesta. Mtu akikutangazia "Athlete ya 2020", uliza namba ya chesesi kabla ya kuuliza bei. ARS210 ni Athlete ya turbo, GRS210 ni V6 ya 2.5, AWS210 ni haibridi, yaani yenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Kama ni ya 2020 kweli, utakuta ARS220 kwa turbo ya 2.0, au AZSH20 kwa haibridi ya 2.5.

Mzee wangu, wanasema Crown zijazo zitafungwa injini ya 1.5. Injini hiyo itapanda mlima wa Kitonga kweli? Mimi nimezoea V6. (Dereva, Gangilonga, Iringa)

Swali hili limenifurahisha kuliko yote, kwa sababu watu wa nyanda za juu tuna haki ya kuliuliza kwa namna yetu.

Chanzo cha habari hiyo ni cha kweli. Mei 2024 Toyota, pamoja na Subaru na Mazda, walitangaza kwamba kila mmoja anaunda injini mpya zitakazofanya kazi na mota za umeme. Toyota walionyesha za silinda nne, za lita 1.5 na lita 2.0, fupi kwa kimo ili boneti ya gari ishuke. Kwamba zitaingia kwenye Crown ni dhana ya watu, ingawa kwangu ni dhana yenye mantiki.

Sasa tuje Kitonga. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kwa nguvu yake yenyewe, na hewa ya huku juu ni nyepesi. Kwa kila mita 1,000 unazopanda hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ile V6 yako ya 2.5, yenye nguvu farasi 203 Japani, ikifika hapa inakosa kama moja ya sita ya nguvu hizo. Si kwamba imechoka wala haihitaji plagi mpya. Inakosa hewa tu. Wangapi wamebadilishiwa pampu ya mafuta bure kwa sababu gari "limekuwa zito" baada ya kuhamia Njombe!

Turbo huishindilia hewa kabla haijaingia kwenye silinda, kwa hiyo huku kwetu haipungukiwi kama mwenzake. Na linganisha msukumo, unaopimwa kwa Nm, maana ndio unaokupandisha nyuma ya semi: V6 ya 2.5 ina Nm 243, na turbo ya 2.0 iliyoingia kwenye Athlete mwaka 2015 ina Nm 350. Injini ndogo inavuta zaidi. Kwenye Crossover ya 2022, ile ya turbo ya 2.4 yenye mota za umeme hufika nguvu farasi 349 zikijumlishwa. Mota ya umeme haivuti hewa kabisa, hivyo Kitonga na Chalinze kwake ni mamoja.

Kwa hiyo lita 1.5 yenye turbo na mota isikutishe. Lita 1.5 isiyo na turbo, ndani ya gari kubwa kama Crown, hapo ningesita, kwa sababu mlima mrefu unaweza kumaliza betri na kuiacha injini peke yake na mzigo wote.

Ushuru nao umo humu. TRA hutofautisha injini ya zaidi ya sisi (cc) 1,000 hadi 2,000 na iliyozidi hapo: ya chini hulipa ushuru wa bidhaa asilimia 5, ya juu asilimia 10. Turbo ya 2.0 ina sisi 1,998. Kikokotoo cha TRA kiko mtandaoni na kinafunguka hata kwa simu. Kipitie kabla hujatuma senti, na uangalie gari limevuka miaka minane au la, maana ushuru wa uchakavu huanzia hapo.

Kuna na upande wa kushuka, ambao watu hawauulizi mpaka breki zinuke. Haibridi ikishuka Kitonga huigeuza mota kuwa jenereta, gari likazuiwa na betri ikajaa. Lakini mteremko ni mrefu kuliko betri. Ikijaa, kompyuta huiamuru injini izuie gari, na utasikia inanguruma ilhali mguu hauko kwenye mafuta. Usiogope, ndivyo ilivyoundwa. Ila usikae na D tupu toka juu hadi chini. Shusha gia mapema, kabla ya kona ya kwanza. Ni hivyo hivyo Mlima Nyoka na Inyala, ambako malori yaliyopoteza breki yameua watu wetu wengi. Gari zuri halikuondolei wajibu wa kuacha nafasi.

Mwalimu wa Njombe hapa. Naipenda haibridi kwa mafuta, lakini baridi yetu naihofia. Betri itahimili?

Itahimili, mwalimu. Crown hizi zinaendeshwa Hokkaido, ambako theluji hulala miezi kadhaa. Baridi ya Njombe, hata ya Makete asubuhi ya Juni, haiwezi kuidhuru betri. Utakachokiona ni injini kuwaka zaidi asubuhi ili ipate joto, kwa hiyo ukiwa mtu wa safari za dakika tano kwenda shule na kurudi, mafuta hutayaokoa kama ulivyoahidiwa. Kwenye safari ya Makambako utayaona matunda yake.

Adui wa betri huku ni vumbi. Betri hupozwa kwa feni inayovuta hewa ya ndani ya gari, na tundu lake huwa karibu na kiti cha nyuma. Watu huliziba kwa mabegi na mablanketi bila kujua. Kichujio chake kikijaa vumbi, betri hupata joto na kuzeeka kabla ya siku zake. Mwambie fundi akisafishe kila unapobadilisha oili, na kama fundi hajui kilipo, tafuta mwingine. Nalisema hili kwa nia njema kwa mafundi wetu: hawa vijana ni hodari wa injini na gia boksi, lakini haibridi ina umeme wa volti mia mbili na zaidi, na unaua. Anayetaka kuishi na kazi hii miaka kumi ijayo aanze mafunzo sasa. VETA za mikoa yetu zikilipa somo hili uzito, zitaokoa fedha na roho za watu.

Mimi ni wa mbao, Mafinga. Crown Crossover naiona imenyanyuka. Itaniingiza msituni? (Mfanyabiashara)

Hapana. Macho yanakudanganya kwa sababu mwili wake umeinuka na matairi ni makubwa. Uwazi wa chini ni milimita 145, wakati Crown Sedan ya kizazi hichohicho ina 135. Sentimita moja haikuvushi kwenye matuta yaliyochimbwa na malori ya magogo wakati wa masika. Zaidi ya hapo, matoleo ya juu yamevaa tairi za 225/45R21. Ukipasua moja Sao Hill jioni, sijui nani atakuuzia nyingine karibu. Kwa shambani endelea na pikapu yako, na Crown iwe ya lami. Kama unataka Crossover kwa lami, tafuta yenye rimu ndogo zaidi.

Wakala ananipa Crown Sedan ya 2023 kwa bei nafuu sana kuliko nyingine, anasema "inatumia haidrojeni, haimalizi mafuta". Ni kweli? (Mbalizi)

Ni kweli inatumia haidrojeni, na ndiyo sababu ya kuikimbia. Crown Sedan ina aina mbili: haibridi ya 2.5 na ya haidrojeni. Hii ya pili ni mashine nzuri sana. Ikijazwa hutembea kama kilomita 820 kwa kipimo cha Japani, karibu sawa na Dar hadi Mbeya. Lakini hujazwa kwa mgandamizo mkubwa mno kwenye vituo maalumu, na hapa nchini huna pa kwenda kujaza. Chesesi inayoanza na KZSM, rudisha karatasi. Unayoitaka huanza na AZSH.

Na ile skrini ya Kijapani itabadilika lugha? (Tukuyu)

Kwa Crown za soko la Japani, kwa kawaida haibadiliki. Redio nayo imepangwa kwa masafa ya Japani, hivyo vituo vyetu vingi havishiki bila kifaa cha kuongeza masafa. Crown ya 2018 na kuendelea ina huduma za mtandao ambazo hazifanyi kazi nje ya Japani. Usizilipie chochote.

Mark X imekufa. Na Crown ya chini itakufa? (Makambako)

Mark X ilisitishwa Desemba 2019, na wengi walidhani Crown inafuata. Mwaka 2022 karibu iwe hivyo, kwa sababu kazi ilianzia kwenye Crossover. Akio Toyoda, aliyekuwa rais wa kampuni wakati huo, ndiye aliyewataka wahandisi wafikirie sedani pia, nayo ikaingia sokoni Novemba 2023.

Kwa hiyo haijafa, lakini imehama daraja. Sedan ya sasa ina urefu wa milimita 5,030, ekseli zimeachana milimita 3,000, na imejengwa kwa ajili ya bosi anayekaa nyuma. Hili linanihuzunisha. Crown tuliyoipenda ilikuwa ya mtu anayeendesha mwenyewe, mwalimu mkuu au mwenye duka la pembejeo, siti ya mbele, dirisha wazi, akitoka Igawa kwenda Chimala. Matoleo ya kati ya namna hiyo yatazidi kupungua minadani. Kizazi cha 17 nakibashiri kitakuwa haibridi kitupu, huenda na toleo la betri kamili pembeni, kwa kuwa Toyota na Idemitsu walishasema wanalenga kuleta betri za hali mango, zisizo na kimiminika ndani, mnamo 2027 au 2028.

Basi ninayo Crown ya 2009, V6 ya 2.5. Niuze? (Kyela)

Kama bodi haijaoza, baki nayo. Injini hiyo hunyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo vali za kuingizia hewa haziogeshwi na mafuta na hujenga masizi. Ikitetemeka asubuhi ukiwa umesimama, mwambie fundi afungue manifoldi ya hewa na asafishe vali kabla hajakuuzia koili. Badilisha bushi za mbele zote kwa pamoja, na oili ya gia boksi iwe ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Ukipanda kuja Tukuyu nayo, usishtuke ikipungua nguvu kidogo.